Kijana anaamshwa na mgongo usiku? Ombeni CT scan

Kijana akilalamika mgongo baada ya mpira, sawa, mwacheni apumzike. Ila maumivu ya palepale yanayomwamsha usiku wa manane, hayo msiyachukulie poa. Mdogo wangu yalimwanza akiwa form two, nyumbani wakasema begi la shule, shangazi akasema kalala vibaya, akachuliwa mpaka chupa ya mafuta ikaisha na huku mgongo unaanza kupinda, akivua shati unaona kabisa bega moja liko juu.

Eksirei ilitoka safi. MRI ikaonyesha pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo) imevimba, wakahisi TB ya mifupa, siwalaumu maana kwetu huku TB ya mgongo ipo. Sasa daktari mmoja wa mifupa akamuuliza, ukimeza ibuprofeni inakuwaje? Dogo akasema muda si mrefu analala fofofo, panadoli ndo haifui dafu. Hapohapo ikaandikwa CT scan ya vipande vyembamba, pingili ileile tu, na kweli kikaonekana kidoa cheusi kama punje ya dengu, mfupa uliokizunguka umekakamaa mweupe pee.

Inaitwa ostioidi ostioma, kauvimbe kadogo ka mfupa. Si kansa, haisambai, mara nyingi haizidi sentimita 1.5, inawapata zaidi vijana wa kiume wa miaka 10 hadi 25 na inapenda kukaa sehemu ya nyuma ya pingili. Inatengeneza prostaglandini, kemikali ya mwili inayoleta maumivu, kwa wingi, ndo maana dawa za jamii ya ibuprofeni zinaituliza. Kwa hiyo mwambieni daktari dawa gani inamsaidia na ipi haimsaidii, hata asipouliza. Aspirini msimpe mtoto bila daktari.

Tiba? Wengine wanakaa na dawa miaka mpaka inazima yenyewe, ila tumbo na figo zinaumia. Kuna kuichoma kwa sindano ya joto wakiongozwa na CT, ikiwa karibu sana na mishipa ya fahamu wengi wanaona bora upasuaji. Mgongo uliopinda mara nyingi unanyooka ikitolewa mapema, mkikaa mwaka na zaidi sina uhakika nao.

Na nyie watu wazima mliosoma "hemanjioma" (kivimbe cha mishipa ya damu ndani ya pingili, si kansa) kwenye ripoti ya MRI mkakosa usingizi, tulieni, karibu mtu 1 kati ya 10 anayo na nyingi haziguswi kabisa.

Halafu CD ya picha dai, usiondoke na karatasi ya ripoti tu, daktari wa pili atataka kuangalia mwenyewe.