Stima Kambini: Hesabu Kwanza, Duka Baadaye

Likizo ya Agosti inakaribia, na barua za wenye vani zimeanza kumiminika. Wengi wenu mmenunua matatu kuukuu, mkang'oa viti, mkaweka godoro, na paneli za sola juu ya paa. Nafurahi kuona watu wa Nakuru na Kisumu wakizunguka nchi yao wenyewe. Ila swali moja mmeniletea mwaka jana, na mwaka juzi, na sasa tena. Naanza nalo.

Fundi, vani yangu nimeigeuza ya kulala. Ninunue paneli ya wati ngapi? (Bahati, Nakuru)

Sijui, na hakuna fundi anayeweza kujua kabla hujamwambia unawasha nini na kwa saa ngapi. Mtu haulizi apike unga wa kilo ngapi bila kujua wageni ni wangapi. Chukua karatasi, andika kila kifaa, wati zake na saa zake kwa siku, kisha zidisha: jibu ndilo linaloitwa wati-saa.

Nikupe mfano wa familia ya watu wanne inayolala Makalia, ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru. Taa nne za LED za wati 5, kwa saa tano: wati-saa 100. Simu nne: 60. Pampu ya maji ya wati 40 kwa nusu saa: 20. Kompyuta ya baba ambaye hajui kuacha kazi nyumbani, wati 60 kwa saa mbili: 120. Friji ya kompresa ya wati 50, ambayo mashine yake huzunguka kama saa kumi kati ya saa ishirini na nne: 500. Jumla ni 800, na friji peke yake imekula zaidi ya nusu. Sasa umejua adui yako anakaa wapi.

Paneli ya wati 100 hapa kwetu karibu na ikweta hupata jua kali la takriban saa tano kwa siku, yaani 500 kwenye karatasi. Toa vumbi, toa joto, toa mawingu, uhesabu 350. Familia hii basi inahitaji wati 250 hivi, na 300 ikitaka kupumua. Upande wa betri, betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 (100Ah) ina karibu wati-saa 1,200 na unaweza kuzitumia karibu zote. Betri ya asidi ya ukubwa huo huo utatumia nusu tu, 600, kwa sababu ukiivuta chini ya nusu kila usiku utaiua mapema. Hivyo hiyo ya asidi inayoonekana rahisi dukani, utainunua mara mbili ili upate kazi ya lithiamu moja. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kuingia dukani. Mwenye duka atawauzia alicho nacho.

Betri ya gari yenyewe haiwezi kutosha taa na simu usiku mmoja? (Kitale)

Usiiguse. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe mara moja. Kazi ya kutoa kidogo kidogo usiku kucha haiiwezi, na kila ukiikausha inarudi dhaifu zaidi.

Hili nimelipata mwenyewe. Nilikuwa kambi ya Naishi, mbuga hiyo hiyo ya Ziwa Nakuru, na wanangu, gari ni la otomatiki, taa ya ndani ikawaka usiku kucha kwa sababu mlango wa nyuma haukufunga vizuri. Asubuhi ufunguo ulitoa mlio wa "tik" na basi. Gari la otomatiki huwezi kulisukuma likawaka. Nyati walikuwa wakila majani karibu, watoto wamefungiwa ndani, na tulikaa hadi karibu saa tano ndipo gari jingine likapita na waya za jampa. Toka siku hiyo betri ya kambi na betri ya gari kwangu ni vitu viwili mbalimbali, na kati yake kuna chaja ya betri kwa betri. Ukiendesha kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho, mwendo wa saa tatu na nusu, chaja ya ampea 20 itaiingizia betri ya kambi karibu 70Ah. Unafika ukiwa umeshajaza zaidi ya nusu ya betri ya 100Ah, hata kama mvua ilikunyeshea njia nzima.

Nina inveta ya wati 1,000, ile ya kugeuza stima ya betri kuwa ya ukutani. Birika la stima litafanya kazi? (Milimani, Kisumu)

Hapana. Birika nyingi za madukani ni wati 1,500 hadi 2,200, inveta yako itajizima. Na usikimbilie kununua kubwa zaidi. Birika la wati 2,000 kwenye betri ya volti 12 linavuta zaidi ya ampea 165, na kwa kinachopotea ndani ya inveta itafika 180 na ushei. Chai unaitaka, naelewa. Meko ya kilo sita itachemsha maji hayo huku betri yako imetulia. Kitu chochote ambacho kazi yake ni kutoa joto, kiwe birika, pasi, koili au cha kukausha nywele, kiondoe kwenye orodha ya betri.

Lakini dada, swali lako limenikumbusha jambo ambalo hukuuliza. Mapema mwaka huu kijana mmoja aliniletea vani iliyokuwa "inanuka plastiki kidogo". Nilitoa kiti cha nyuma. Inveta ilikuwa kama yako, wati 1,000, na aliyeifunga alikuwa ametumia waya wa spika, ule mwembamba wenye mstari mwekundu, karibu mita nne kutoka kwenye betri. Nilipoushika ulikuwa laini kama ubani uliotafunwa. Ganda lake limegeuka kahawia, na mahali ulipopita chini ya zulia palikuwa na alama nyeusi yenye upana wa kidole. Fyuzi hakuna. Juu ya zulia hilo kulikuwa na godoro, na juu ya godoro analala yeye, mkewe na mtoto wa miaka miwili.

Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi yote inavuta ampea 90 au zaidi. Inataka waya wa milimita 25 za mraba kwenda juu, mfupi, mita moja ikiwezekana. Fyuzi ikae shubiri moja kutoka ncha ya chanya ya betri, kwa sababu waya wote ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Ukubwa wa fyuzi unafuata uwezo wa waya. Wengi mnachagua fyuzi kwa kuangalia kifaa, na ikikatika mnaweka kubwa zaidi, wengine mnafunga kipande cha waya mahali pake. Nawasihi, acheni. Fyuzi ikikatika imekuambia kuna tatizo, litafute.

Mita inasoma volti 12.4. Betri imejaa? (Bungoma)

Hujasema ni betri gani wala kama ilikuwa imepumzika. Barua nne wiki hii zina kasoro hiyo hiyo. Kama ni ya asidi na imekaa saa mbili au tatu bila kuchajiwa wala kutumiwa: 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, 12.0 umeshavuka mpaka. Yako basi ina karibu robo tatu. Kama ni lithiamu, volti hazikuambii mengi, kwa sababu hukaa karibu na 13.2 kwa muda mrefu kisha huanguka ghafla. Nunua mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Tulilala Msitu wa Kakamega siku tatu, paneli za wati 200, na betri ilikufa siku ya pili. Paneli ni feki? (Mumias)

Paneli feki zipo, lakini kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, niambie mliegesha wapi. Najua jibu: chini ya mti mkubwa, kwa sababu hapo pana ubaridi mzuri. Kivuli cha tawi moja kikiangukia safu moja ya seli kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya nguvu za paneli nzima, kwa kuwa seli zimeungwa kwa mnyororo. Mti wa Kakamega hauwekei safu moja kivuli. Unafunika paa lote.

Jambo la pili ni saa. Upande wetu huu, kuanzia Kericho na Nandi hadi Kakamega, mawingu hujikusanya mchana na mvua ikashuka alasiri. Jua la kutegemea ni la kati ya saa tatu asubuhi na saa saba. Ukiegesha ili mti ukukinge asubuhi ndipo gari lipate mwanga jioni, umebadilisha dhahabu kwa mkaa. Tafuteni uwanja ulio wazi upande wa mashariki, kivuli kije baadaye. Au chukueni paneli ya kukunja yenye waya wa mita kumi: gari likae kivulini, paneli ikae juani, na mtu wa kuichunga awepo.

Tena, msiige wale wa Ulaya wanaoinamisha paneli zao kama paa la kanisa. Wao jua lao liko chini. Kisumu na Nakuru ziko chini kidogo tu ya ikweta, na jua la mchana hupita karibu na utosi, likiegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Paneli iliyolala juu ya paa inafaa kabisa. Iinamishe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi, na uiache nafasi ya hewa chini yake, maana paneli ikipata joto kali hutoa kidogo.

Nimenunua vani ya kambi kutoka Japani, ina soketi na friji ndani. Nichomeke stima ya kambini moja kwa moja? (Eldoret)

Usichomeke chochote! Stima ya Japani ni volti 100, yetu ni 240. Chaja, soketi na friji yake inayotumia stima ya ukutani zimetengenezwa kwa volti 100, na utaziunguza zote kwa sekunde moja, au uwashe moto. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, abadilishe upande wote wa stima ya ukutani na aweke swichi ya usalama inayokata stima ikivuja. Upande wa volti 12 unaweza kuubakiza kama ulivyo.

Na nyinyi mnaovuta stima kutoka nyumba ya mwenye kambi kwa ekstensheni ya kuzungusha: ifungueni yote mpaka mwisho. Waya uliobaki umejikunja kwenye gurudumu lake hujipasha joto hadi ukayeyuka.

Mlima Elgon kuna baridi kali usiku. Kuna hita ndogo ya sola? (Webuye)

Hita ya wati 1,000 itamaliza betri ya lithiamu ya 100Ah kwa saa moja na kidogo. Umebakisha saa saba za usiku. Bebeni mablanketi mazito, godoro lisilogusa bati, soksi, na chupa ya maji moto kila mtu.

Mama, najua mawazo yako yanaelekea wapi baada ya jibu hilo, kwa hiyo naliandika wazi. Usiingize jiko la makaa ndani ya vani. Hata likiwa limebaki majivu mekundu, hata dirisha likiwa wazi kidogo, hata kwa dakika chache "kupasha tu". Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na nafasi ya vani ni ndogo kuliko chumba chochote ulichowahi kulala. Anayeivuta husikia kichwa kuuma na usingizi, na usingizi huo ndio unaomzuia kufungua mlango. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia nzima zilizokutwa asubuhi. Meko ya gesi pia isitumiwe kupasha joto mahali pa kulala. Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri ndogo na ukifunge karibu na vichwa vyenu kabla ya kununua paneli yoyote.

Tunanunua samaki ufuo wa Dunga, Kisumu, na kuwagandisha kwenye friji ya gari, lakini inazunguka bila kupumzika. (Ahero)

Mnaipa kazi ya friza. Samaki wa joto la Kisumu akiingizwa humo, mashine itahangaika hadi asubuhi. Nunueni barafu hapo ufuoni pamoja na samaki, wapozeni kwanza kwenye kisanduku cha barafu cha kawaida. Friji yenyewe ipozeni nyumbani kwa stima ya ukutani siku moja kabla ya safari, mkaweka chupa za maji yaliyoganda. Iwekeni nyuzi 4 au 5, na msizibe matundu yake ya hewa kwa mizigo.

Jenereta ya petroli inaweza kuwaka ikiwa ndani ya buti, mlango wazi? (Naivasha)

Hapana. Soma jibu la Webuye. Hewa ni ile ile.

Betri yangu ya asidi imevimba ubavuni lakini bado inawasha taa. Niendelee nayo mpaka Desemba? (Homa Bay)

Itoe leo. Kuvimba ni dalili kwamba imechemka au imechajiwa kupita kiasi, na hewa inayotoa hushika moto kwa cheche moja. Vaa glavu na kitu cha kukinga macho, fungua waya wa hasi kwanza, usiilaze, na uipeleke kwa wanaonunua betri kuukuu. Kisha mwambie fundi apime kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, kabla hujafunga betri mpya, la sivyo hiyo nayo itavimba.