Ghala la chakula parokiani: tulivyofanya Mbeya wakati wa korona

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo matatu. Je, parokia ya kawaida huku Nyanda za Juu Kusini inaweza kuwa na ghala la kudumu la chakula kwa wenye shida? Wenye shida kweli mtawajuaje? Na ule mfano wa dada yako aliyeko Marekani, kwamba wakati wa korona watu walipanga foleni ndani ya magari yao na wahudumu wa parokia wakawatilia maboksi kwenye buti, unafaa kuigwa hapo Makambako? Mimi niko ghalani kwenye parokia yetu hapa Mbeya mjini tangu 2020, kwa hiyo nitajibu kwa ninayoyajua.

Naanza na la mwisho. Usiige. Foleni ya chakula mlangoni pa kanisa, kwa mazingira yetu, itakuletea wajanja na itawafukuza wenye njaa. Huku mtu yuko radhi alale na chai ya rangi kuliko kuonekana na jirani yake amesimama kwenye mstari wa unga.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa, vyuo vikafuata. Makanisa yetu hayakufungwa; Jumapili ya tarehe 22 Rais Magufuli akiwa kanisani Dodoma alisema nyumba za ibada zibaki wazi. Tuliendelea kusali: ndoo za maji na sabuni mlangoni, maji ya baraka yakaondolewa, amani tukatakiana kwa kuinamisha kichwa, misa zikaongezwa ili tusibanane. Mpita njia angeiona Mbeya ileile. Mwanjelwa watu wanauza na kununua, bajaji zinapiga honi Kabwe, na harufu ya mkaratusi wa kujifukizia imetanda mitaa yote. Hakuna aliyefungiwa ndani. Ndiyo maana wengi hawakuiona njaa ilipopita, kwa sababu ilipitia mlango wa shule.

Fikiria mama ntilie aliyekuwa anapikia wanafunzi wa chuo, dereva wa basi la shule, matroni wa bweni, mwenye vyumba vya kupangisha wanachuo. Fikiria zaidi mwalimu wa shule binafsi, ambaye ada isipolipwa na mshahara haupo. Mwezi Mei Zambia nayo ikafunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na waliokuwa wanaishi kwa biashara ya Tunduma, upande wetu wa mpaka huo, wakakaa bila kazi. Watu hawa hawamo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini. Wala hawamo kwenye orodha ya Mkate wa Mtakatifu Antoni, yaani sanduku la kanisa la kusaidia maskini, maana mpaka Februari wao ndio waliokuwa wanatia fedha kwenye lile sanduku.

Sasa utawajuaje? Sisi hatukuunda kamati. Tulichukua daftari la msiba.

Kila jumuiya ndogo ndogo ina daftari hilo, hata kama ninyi mnaliita jina jingine. Akifa mtu, kabla jeneza halijatoka kwa fundi, mama wa jumuiya ameshajua nani analeta sado ya maharage, nani unga, nani kuni, nani elfu mbili, na nani atashinda jikoni. Utaratibu huu ni mkongwe kuliko kamati zote za parokia na hauhitaji semina. Vyombo vipo pia: ghala letu lenyewe ni chumba kilichokuwa kinatunza masufuria ya msiba, maturubai na viti.

Thamani ya daftari hilo haiko kwenye waliotoa. Iko kwenye aliyeacha kutoa. Familia ambayo miaka yote haijakosa kuleta sado yake, halafu misiba miwili mfululizo haipo, na mama mwenyewe haonekani jikoni anasema anaumwa mgongo, hiyo ndiyo nyumba ya kwenda kuitazama. Atakosa misa, atakosa sala ya jumuiya, lakini mtu wa huku hakosi msibani bila sababu. Nyumba nyingi tulizozihudumia mwanzoni tulizijua kwa namna hii, na hakuna hata moja iliyokuja kuomba.

Mwenyekiti wa jumuiya na mama mmoja wanakwenda jioni kusalimia. Wanabeba kapu, kwa sababu kwetu mtu haendi kusalimia mikono mitupu na hakuna jirani atakayeshangaa. Kapu la kawaida la sokoni, si mfuko wenye maandishi ya parokia. Wanakaa, wanaongea mambo mengine, macho yanaona. Hakuna fomu. Wakirudi wanamwambia mtu mmoja tu wa ghalani, na kwenye daftari la ghala inaandikwa namba ya nyumba, si jina. Paroko akitaka kujua ni nani, anauliza kwa mdomo.

Nimesisitiza habari ya majina kwa sababu kuna mahali, sipataji, majina ya waliopewa mahindi yalisomwa kwenye matangazo baada ya komunyo, eti kwa ajili ya uwazi. Nusu yao hawakurudi tena kanisani hapo. Uwazi unaotakiwa ni wa hesabu: magunia mangapi yameingia, mangapi yametoka, yamebaki mangapi. Hiyo bandikeni ubaoni kila mwezi, na mtu wa UWAKA (wanaume Wakatoliki) na wa WAWATA (wanawake Wakatoliki) waweke sahihi. Usijidanganye kwamba manung'uniko hayatakuwepo. Kanisa la mwanzo kabisa, Matendo sura ya 6, liligombana kuhusu wajane waliokuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku, na mitume walikuwa hai.

Kwenye nyumba mojawapo tulimkuta mwalimu wa shule binafsi, baba wa watoto watatu. Meza ilikuwa imejaa madaftari ya wanafunzi aliyokuwa anaendelea kusahihisha ingawa hakuna aliyekuwa anamlipa. Alipoona kapu akasimama. "Mama, nashukuru, lakini mimi nina nguvu zangu. Wapelekeeni wajane." Mwenyekiti wetu, mzee wa Kinyakyusa asiye na haraka, akamjibu kwamba hatujaja kumsaidia, tumekosa mtu wa kuandika vitabu vya ghala kwa mwandiko unaosomeka, na kapu ni la mwandishi. Ilikuwa kweli kabisa, mwandiko wangu mimi hausomeki. Akakubali, na vitabu vyetu vya mwaka ule ndivyo vizuri kuliko vyote tulivyonavyo. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni alirudi darasani, lakini Jumamosi bado anakuja.

Turudi kwenye vitu vyenyewe. Chakula huku si shida. Machi na Aprili mahindi huwa ghali kwa sababu ya mwaka uliopita yanaisha na mapya bado mabichi shambani, lakini viazi vya Umalila vipo na ndizi za Rungwe zipo. Ikifika Juni na Julai vigango, yale makanisa madogo ya pembeni yaliyo chini ya parokia, wanatoa sadaka ya mavuno mpaka mnatafuta pa kuweka. Walei wa mjini wanalipa kirikuu ya kwenda kuyafuata, na vigango wanafurahi kwamba mahindi yao hayaishii mikononi mwa dalali. Viazi na ndizi msivilaze ghalani, vitoke siku hiyohiyo.

Kinachosumbua ni kile ambacho hakuna mtu anayekitoa. Utaletewa magunia ya mahindi, lakini hakuna atakayeandamana na vipaji altareni amebeba chumvi. Mafuta, sabuni, chumvi na hela ya mashine vinahitaji fedha taslimu. Mpe mama debe la mahindi bila hela ya kukoboa na kusaga, na umempa mzigo. Atauza nusu kwa bei ya hasara ili asage nusu iliyobaki. Sisi tuliongea na mwenye mashine mtaani, tukaelewana kwamba mahindi yanayotoka ghalani anayakoboa na kusaga bure, na pumba zinabaki kwake. Wafugaji wa nguruwe wanazigombania kwa hiyo hapati hasara, na anayepewa hahitaji kupeleka mashineni kikaratasi chochote cha kumtambulisha. Sisi wenyewe tunapeleka gunia zima, tunarudi na unga. Wazo la kugawa dona ili kusiwe na kinachopotea lilitolewa kikaoni na akina mama wakacheka, likafa hapohapo.

Kwa mafuta na sabuni paroko alikubali sadaka ya pili ya Jumapili moja kila mwezi iende huko. Pigania hilo mapema, kabla ujenzi wa nyumba ya mapadre haujaimeza.

Sasa uhifadhi, na hapa tafadhali msiwe wavivu. Mahindi ya sadaka huwa hayajakauka vizuri, hasa ya maeneo yenye ukungu na baridi ya Juni, na watu wanaharakisha kutoa ya mwanzo kwa heshima ya Mungu. Ukiyarundika hivyo yanaota ukungu na kuleta sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kipimo ni rahisi: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na konzi ya mahindi, funga, tikisa vizuri, acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Ikishuka chini bila kunata, ingiza. Magunia yakae juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, na kwa ya kukaa muda mrefu nunueni ile mifuko ya kinga njaa yenye nailoni mbili ndani, dumuzi wanakufa humo bila sumu. Punje zilizooza zichambuliwe na kutupwa. Msimpe maskini kile ambacho usingempa mwanao, na msimpe hata kuku.

Wasio Wakatoliki je? Kikao kimoja kilirefuka sana kwa jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 2020 Ramadhani ilianza, na kwenye mtaa wetu kulikuwa na fundi cherehani Mwislamu ambaye sare za shule ndizo zilikuwa kazi yake yote. Kuna waliosema ana msikiti wake. Mama mmoja wa WAWATA akauliza msiba wa mtoto wa mchungaji wa Moravian mwaka juzi nani alipika, na kama tulipika kwa sababu alikuwa wetu. Hoja ikaisha. Tangu hapo mpaka wetu ni wa mtaa, si wa ubatizo, na mjumbe wa nyumba kumi anatusaidia kwa nyumba ambazo hazimo kwenye jumuiya yoyote.

Kuhusu wafadhili, watakuja na bango na mpiga picha. Pokeeni unga, pigeni picha magunia na paroko, lakini sura ya anayepewa isionekane. Mmoja alikasirika akaondoka na nusu ya mzigo wake. Aende salama.

Kilichotubadilishia kazi ni mwanzoni mwa 2021, korona iliporudi, ile tuliyokuwa tunaiita changamoto ya upumuaji. TEC, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki, ilishatoa tahadhari Januari, na Februari kengele ya msiba ilikuwa haipumziki. Hapo gunia halikuwa na maana. Ukienda nyumba fulani unakuta baba amelala, mama amelala, na binti wa darasa la sita ndiye anayewasha jiko. Wagonjwa hawawezi hata kusonga ugali, na majirani wanaogopa kuingia. Tukageuza: badala ya kugawa nafaka tukapika. Akina mama watatu walipika uji wa ulezi na mchuzi mwepesi, vijana wa VIWAWA wakapeleka kwenye chupa za chai na vibakuli vyenye mifuniko, wanaweka mlangoni, wanabisha, wanarudi nyuma hatua kadhaa mpaka afungue mtu. Chupa zinachemshwa kabla ya kurudi kwenye mzunguko. Kama mnaanzisha ghala kwa kuwaza janga lijalo, wekeni chupa za chai za kutosha tangu leo. Zikihitajika hazipatikani, na kama tangawizi na malimao mwaka ule, bei hupanda kwa usiku mmoja.

Je, liendelee hata kama hakuna janga? Letu linaendelea, dogo zaidi. Nyumba zinaingia na kutoka, na wengi wa 2020 sasa ni watoaji. Ukaguzi mkubwa tunafanya kabla ya Siku ya Maskini Duniani, ile ya Novemba aliyoianzisha Papa Fransisko, kwa sababu wiki hiyo watu wanakumbuka kutoa na ni vizuri kujua mapema mnachopungukiwa.

Jambo la mwisho kwa sababu uko Makambako na usafiri kwenu si tatizo: mafuta msinunue kidogo kidogo dukani. Subirini alizeti mpya ya Singida na Dodoma iingie, chukueni madumu ya lita 20, na mtangaze kanisani watu walete chupa tupu za maji za lita moja zilizooshwa na kukaushwa. Hizo hakuna anayekataa kutoa.