Paka amebakiwa na mtoto mmoja, naye tumbo limemjaa

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi Njombe. Paka wangu alizaa watoto watatu siku nne zilizopita, na wawili wamekufa. Aliyebaki hulia usiku kucha, tumbo limemjaa, na mama yake humwacha kwa muda mrefu. Ninamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Jirani amemgusa mama akaona ana joto, akanishauri nimpe nusu kidonge cha panadol. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Naanzia mwisho wa swali lako, kwa kuwa ndipo penye hatari ya haraka zaidi: usimpe paka panadol, hata kipande kidogo. Ini la paka halina uwezo wa kuondoa parasetamoli mwilini, kwa hiyo dawa hugeuka sumu na kuiharibu damu hadi ishindwe kubeba oksijeni. Isitoshe, joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39, hivyo kwenye kiganja cha binadamu paka mzima huonekana ana homa.

Tuje kwa mtoto. Kwa maelezo yako, ninachokishuku kwanza ni baridi, kisha maziwa. Katika wiki za mwanzo mtoto wa paka hawezi kujipatia joto la kutosha. Hulipata kwa mama na kwa kulaliana na ndugu zake, na huyu wako hana ndugu tena. Mwili ukipoa, utumbo nao huacha kufanya kazi, na maziwa anayonyweshwa hubaki tumboni bila kusagwa, ndiyo maana tumbo limejaa ilhali analia kama mwenye njaa. Paka wengi pia humsusa mtoto aliyepoa.

Kwa hiyo asinyweshwe chochote kabla hajapata joto. Jaza maji ya moto kwenye chupa, izungushie taulo, uiweke upande mmoja tu wa boksi ili mtoto aweze kujisogeza akizidiwa, na ndani ya boksi pawe na nyuzi 30 hivi. Mpashe polepole, kwa saa moja au zaidi. Najua baridi ya Njombe huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani. Usifanye hivyo, kwani hewa yake ya sumu itamuua mtoto, na wewe pia.

Akishapata joto, mpeleke mwenyewe kwenye chuchu kila baada ya saa mbili au tatu, huku ukimtuliza mama. Maziwa ya ng'ombe yaache: yana protini na mafuta machache kuliko ya paka, na sukari yake huweza kumharisha. Ikilazimu kumnywesha, ulizia kwenye duka la dawa za mifugo maziwa maalumu ya watoto wa paka, na umnyweshe akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu, maana maziwa yataingia mapafuni. Kisha mpanguse sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kwa sababu hadi wiki ya tatu hivi hawezi kujisaidia bila kulambwa.

Mpime kila siku kwa mizani ya jikoni, saa ileile. Mtoto huzaliwa na gramu 100 hivi na huongezeka takribani gramu 10 kwa siku. Mimi huiamini mizani kuliko macho: akipungua, mlete kliniki siku hiyohiyo.

Mama anayetoka mara kwa mara huenda ana njaa, au boksi liko mahali pa kupitapita watu. Lihamishie kwenye kona tulivu yenye giza kidogo, na umwongezee chakula hadi mara mbili au tatu ya kawaida. Ugali wenye mchuzi hautoshi kumpa maziwa. Anahitaji nyama, samaki au dagaa wasio na chumvi, na maji wakati wote. Kwa kuwa anayenyonya ni mmoja, zikague chuchu zote kila siku, kwani zisizonyonywa huweza kuvimba na kuwa ngumu.

Kwa vile watoto wawili wamekwisha kufa, ningependa daktari wa mifugo amwone mama hata kama anakula vizuri. Akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, akisusa chakula, au akianza kutetemeka na kutembea kwa kukakamaa, jambo linaloashiria upungufu wa kalsiamu, usingoje kesho.