Mkuu, usipime kaspasi-3 kwenye MCF-7

Usilipie hiyo oda, mkuu. Umeandika kwamba utazimwagia seli za MCF-7, zile za saratani ya matiti zinazokuzwa maabara, maji ya majani ya mlonge, kisha upime kaspasi-3, protini inayokatakata seli inapojiua, kwa westani bloti (protini zinatenganishwa kwenye jeli, zinahamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili inaishika ile unayoitafuta) uone kama zinajiua, na unauliza dozi, idadi ya saa na kingamwili ya bei nafuu. MCF-7 hazina kaspasi-3! Hazina kabisa. Jeni yake, CASP3, imepungukiwa herufi 47, protini haitengenezwi. Utapima upepo.

Mimi upepo huo nimeupima miezi saba hapa Mwanza. Kingamwili ya kwanza ilifika uwanja wa ndege barafu kavu imeshaisha, utando ukatoka mweupe pe. Nikasema joto hilo. Nikaagiza ya pili kwa hela niliyokuwa naiwekea kiwanja Kisesa. Mweupe tena. Nikalaumu umeme, nikalaumu jeli, nikamlaumu hadi dada wa usafi kwa kuweka maji yake kwenye friza. Na seli zilikuwa zinakufa kweli, naziona kwenye hadubini zimejikunyata, zinang'oka chini ya chupa. Ila mstari wa kilodaltoni 17, yaani uzito wa kipande cha kaspasi-3 iliyokatwa, hakuna.

Halafu yule "mtaalamu" niliyemlipa anishauri! Kila nikimtumia picha: "Ongeza kingamwili, kijana." Mara ya tatu akasema niongeze protini. Hata siku moja hakuuliza natumia seli gani. Jambo lenyewe limechapishwa tangu 1998. Mimi mwaka huo nilikuwa shule ya msingi, nina udhuru. Yeye je?

Aliyeniokoa ni mwanafunzi mwenzangu. Aliweka HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi ambazo kaspasi-3 wanayo, zilizotiwa staurosporini, dawa ya kuzifanya zijiue, pembeni ya sampuli zangu, jeli moja, kingamwili ile ile. Kwake mstari ukawaka, kwangu giza. Nilicheka sana. Kisha nikaenda kukaa juu ya mawe Capri Point mpaka mbu wakanifukuza.

Kwa hiyo seli kwanza, hela baadaye. Jua seli yako ina nini ndipo uagize.

Hata ukihamia HeLa, angalia unachonunua. Kaspasi-3 hukaa ikiwa nzima, asidi amino 277, imelala kama kisu ndani ya ala. Protini BAX na BAK zikitoboa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, protini sitokromu c hutoka humo na kushikana na nyingine, Apaf-1, kaspasi-9 inaamka na kuikata kaspasi-3. Vipande vilivyokatwa ndivyo vyenye makali. Kingamwili inayoona ile nzima tu ni sawa na kuhesabu visu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba ukidhani umejua sangara wangapi wamepasuliwa. Agiza inayotambua iliyokatwa.

Msimamizi aking'ang'ania MCF-7, pima kaspasi-7, ndugu yake, au PARP iliyokatwa, protini ambayo kaspasi huikata seli ikijiua. Ngazi ya DNA, yaani vipande vya DNA vinavyojipanga kwenye jeli kama ngazi, achana nayo: mkasi unaoikatakata DNA hufunguliwa na kaspasi-3 hiyo hiyo isiyokuwepo. Nayo niliijaribu, usiniulize mara ngapi.

Dozi? Seli kwanza, mkuu!

Kingamwili zangu zote mbili bado zipo friza ya nyumbani, chini ya minofu ya sangara. Ukipata HeLa njoo na kisanduku cha barafu, nakuachia nusu bei. Kama bado zinafanya kazi, hapo siapi.