Kitenzi "boycott" kilianza kama jina la mtu

Ukitaka kitenzi cha Kiingereza kikukae kichwani, tafuta kilikotoka. Nafundisha lugha hiyo madarasa ya jioni, na "boycott" ndicho ninachopenda kuanza nacho. Wanafunzi wengi hukariri "kususa" wakaishia hapo, kisha wanakitumia hata kwa mtoto aliyesusa uji.

Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne huko Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwaka 1880 wakulima waliokodi mashamba hayo walidai kodi ipunguzwe, naye akataka kuwafukuza wasiolipa. Septemba ya mwaka huohuo, mwanasiasa Charles Parnell alikuwa amewaambia watu mjini Ennis wamtenge yeyote atakayechukua shamba la aliyefukuzwa: wasimsemeshe njiani, dukani, sokoni, hata kanisani. Wana Mayo wakamfanyia hivyo Boycott. Vibarua wakaondoka, maduka yakakataa kumuuzia, mazao yakabaki shambani. Novemba wakaletwa wavunaji 50 kutoka Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari wapatao 1,000, kwa gharama iliyozidi mbali thamani ya mazao yenyewe. Desemba Boycott akaondoka Ireland. Magazeti yalikuwa yameshaligeuza jina lake kitenzi, na Wafaransa nao wakakichukua: "boycotter".

Ukishaijua habari hii, matumizi yanajileta yenyewe. Lazima wawepo watu wengi waliokubaliana, anayetengwa, na dai. Wafanyakazi wanaoweka zana chini kazini kwao wanagoma, hicho ni "strike". Weusi wa Montgomery, Marekani, walioacha kupanda mabasi ya jiji kuanzia Desemba 1955 wakipinga ubaguzi, hao ndio "they boycotted the buses". Angalia pia kwamba hakuna "against" wala "from" hapo katikati. Kosa hilo nalisahihisha kila muhula.

Kwa hiyo ukifungua kamusi, shuka hadi sehemu ya asili ya neno, uangalie mwaka na mahali. Kamusi ya mtandaoni ya Douglas Harper, Etymonline, inatosha kuanzia, na ni bure. Ila jihadhari na hadithi tamu. Utaambiwa "sabotage" ilitokana na wafanyakazi waliotupa viatu vya mbao ndani ya mashine. Ushahidi wake haupo. Kweli "sabot" ni kiatu cha mbao kwa Kifaransa, lakini "saboter" ilikuwa na maana ya kufanya kazi hovyohovyo, na Kiingereza kililichukua neno hilo karibu na mwaka 1910, wakati wa migomo ya reli Ufaransa.