Imeili ya mteja wa ng'ambo imeingia, tushangilie au tukimbie?

Mbukwenyi wote. Wanaonijua wanajua mi nina stesheneri hapa Dodoma mjini, sio mbali na soko la Majengo, na miaka yote hii watu wananiletea simu zao niwachapishie imeili za "wateja" wa nje, wengine wakitaka na mkataba niulaminishe kabisa uning'inie ukutani. Nilisema wenye maswali walete, mkaleta mengi kweli, haya ndo yaliyonigusa.

Mfuga nyuki, Itigi: *Habari kaka. Kuna mtu kaniandikia imeili, anasema ni wakala wa wizara moja ya Togo, wanataka asali tani 20 kwa mpango wa ECOWAS. Bei niliyotaja wameikubali hapohapo. Ila inabidi nisajiliwe kama muuzaji, na wakili wao wa Lomé anataka dola 650. Nikope?*

Usikope ndugu yangu, hata kwenye vikoba vya mkeo usiguse.

Angalia jinsi ilivyopangwa. Togo ipo, Lomé ipo na ina bandari, ECOWAS (jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi) ipo na makao yake ni Abuja, kwaiyo ukigoogle kila kitu unakuta kweli tupu, kasoro yule jamaa mwenyewe. Na we umehakiki kila kitu isipokuwa yeye.

Sa tuongelee asali maana we ndo mjuzi. Tani 20 ni kontena zima la futi ishirini. Mtu anayenunua kontena la asali bila kuuliza unyevu wake umewahi kumwona wapi? Wanunuzi wa kweli wanasumbua mpaka unakereka, wanataka sampo, wanataka majibu ya maabara, unyevu usizidi asilimia 20, wanakuuliza HMF (hicho ni kipimo cha kujua kama asali imechemshwa au imekaa sana, Ulaya wanataka isizidi miligramu 40 kwa kilo, za nchi za joto kama yetu wanaruhusu mpaka 80). Halafu kwenye bei wanakukaba mpaka senti. Huyu wako kakubali bei siku hiyohiyo na hajauliza hata kama ni asali ya nyuki wakubwa au wadogo. Asali haitaki huyo, anataka 650.

Na ukituma hiyo 650 usifikiri ndo mwisho, inakuja stempu ya mkataba, inakuja ada ya mthibitishaji, inakuja cheti, na kila moja ni "ya mwisho kabla hatujakulipa advansi ya asilimia 50". Nimeona mtu wa karanga kafika hatua ya nne. Vyeti vyenyewe kwa kawaida vinatolewa nchi inayouza, cheti cha asili ya bidhaa kwa mfano TCCIA, chemba yetu ya biashara, wanatoa hapahapa nchini, sasa wakili wa Lomé anakupatia cheti gani cha asali ya Itigi?

Mi swali langu ni moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: hela inaanza kutoka mfuko wa nani? Mnunuzi ndo mwenye hela. Muuzaji akianza kulipa ili auze, hapo biashara imegeuzwa miguu juu. Ni ileile "hiyo hela tuma kwenye namba hii" tunayoichekaga kwenye simu, ila hii imevaa suti na imepanda ndege.

Mtengeneza mvinyo, Hombolo: *Mkuu, hoteli ya London imeagiza chupa 600. Nikawapa invoisi ya pauni 7,000, wao wametuma PDF ya benki inaonyesha wamelipa 9,400, wanasema nimpe wakala wao wa meli 1,900 leo, inayobaki ni asante yangu. Benki yangu inasema hakuna kilichoingia. Nasubiri siku ngapi?*

Subiri mpaka zabibu za msimu ujao, haitakuja. Karatasi ya benki sio hela. Hata mi hapa stesheneri naweza kukutengenezea PDF ya namna hiyo kabla chai haijapoa, tena yenye nembo. Hela imeingia pale benki YAKO inaposema imeingia na haiwezi kurudi nyuma, hasa zikija hundi za nje hapo uwe na moyo mgumu, maana inaweza kusoma kwenye akaunti leo halafu baada ya wiki kadhaa ikarudishwa imekataliwa, na we ulishatoa za kwako mfukoni ukampa "wakala".

Jiulize na hili, mtu mwenye hoteli London kashindwa kumlipa mtu wake wa meli mpaka alipiwe kutokea Hombolo? Kama mmekubaliana FOB Dar es Salaam wewe kazi yako ni kufikisha mzigo kwenye meli, nauli ya bahari ni ya kwake. Na hajakuuliza kilevi ni asilimia ngapi, hajauliza lebo, wakati pombe kule ina kodi yake na muagizaji ndo anayehangaika nayo.

Kwa Uingereza kuna bahati moja, daftari lao la makampuni linaitwa Companies House na kutafuta ni bure, unaandika jina unaona imesajiliwa lini na iko hai au imekufa. Angalia na namba aliyokupa. Ikianza na +44 70 ujue hizo sio simu za mkononi za kawaida, ni namba za kuelekeza simu, mwenyewe anaweza kuwa popote duniani, matapeli wanazipenda sana. Ila kuikuta kampuni Companies House hakumaanishi aliyekuandikia ni wao. Chukua namba ya hoteli kwenye tovuti yao, sio ile ya kwenye imeili, piga, omba kuongea na mtu wa manunuzi.

Mwanafunzi, UDOM: *Bro si unaangalia tu kingereza, kikiwa kibovu ni tapeli?*

Hapana mdogo wangu. Hiyo ilikuwa zamani, sikuhizi tapeli anaandikiwa na kompyuta kingereza kilichonyooka kuliko cha mwalimu wako, na kuna mwenye kiwanda wa kweli kabisa kule China anaandika kingereza cha kuokoteza. Ungemhukumu yeye bure.

Fundi wa samani, Chang'ombe: *Kampuni ya China inayosajili majina ya intaneti inasema kuna mtu anataka kusajili jina la karakana yangu kwenye .cn na .asia, nina siku 7 niwahi mimi. Niwahi?*

Hahaa. Karibu chamani. Hii ilinipata mwenyewe, nikalipa, tena kwa kadi ya benki, nikawa najiona mjanja nimelinda "brandi" ya stesheneri yenye meza mbili na mashine moja ya fotokopi. Mke wangu mpaka leo akitaka kunikomoa mbele ya wageni ananiita Mkurugenzi wa Asia.

Hakuna huyo mtu anayetaka jina lako. Hao wanaandika barua hiyohiyo kwa maelfu, atakayeogopa ndo mteja. Na ubaya wake ni kwamba mara nyingine jina wanakusajilia kweli, kwa bei ya kuruka, kwaiyo hata kulalamika unakosa pa kushikia. Kama unataka jina la intaneti chukua la kwako la .co.tz kwa msajili wa hapahapa anayetambulika, hizo .asia waachie Waasia.

Ndugu yake na huyu ni ile fomu ya "hakiki taarifa za kampuni yako kwenye kitabu cha biashara cha dunia, bure". Soma maandishi ya sisimizi pale chini, kuna sehemu utakuta ukisaini umekubali kulipa kila mwaka kwa miaka mitatu kwa yuro. Ushasaini? Usilipe kwa woga wa barua za vitisho, mtafute wakili aione kwanza.

Mkamua alizeti, Kibaigwa: *Shikamoo. Nimepata imeili ya kiwanda cha mashine za kukamua mafuta, cha China, mi sikuwaandikia. Bei nzuri. Wanataka asilimia 30 kwanza. Kwa ule msemo wako wa hela inaanzia mfuko wa nani, hawa nao ni wezi?*

Marahaba. Umenibana vizuri. Hapa wewe ndo mnunuzi, kwaiyo kutanguliza kitu ni kawaida, 30 mwanzo na 70 kabla mzigo haujapakiwa ndo mtindo wa viwanda vingi kule. Na kukuandikia bila kuombwa sio wizi, ni tangazo tu, kama yule kijana anayekushika mkono stendi akutafutie basi. Anakera, ila basi lipo.

Kazi sasa ni kujua kama kiwanda kipo. Waombe leseni yao ya biashara, kila kampuni ya China ina namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, serikali yao ina tovuti ya kuitafuta, iko kwa kichina lakini simu yako inatafsiri. Linganisha jina la kichina la kwenye leseni na jina la akaunti ya benki. Akaunti ikiwa ya mtu binafsi, au kampuni nyingine ya mji mwingine, usilipe. Omba wakupigie video wakiwa kiwandani, sio ofisini, na sio video iliyorekodiwa, mwambie "washa hiyo mashine nyuma yako, weka mbegu nione". Kama mashine ni ya hela nyingi, kampuni za ukaguzi kama SGS au Bureau Veritas unaweza kuzilipa zikague mzigo kabla hujamalizia ile 70. Gharama ndogo ukilinganisha na kupokea kontena la vyuma chakavu.

Na umeshawauliza wenzako hapo Kibaigwa? Mashine za namna hiyo zimejaa hapo, mtu mmoja alishanunua kwa mtu.

Dada wa vipuri, Dodoma mjini: *Kaka hii sio ya mtu nisiyemjua. Msambazaji wangu wa Guangzhou wa miaka minne kaandika akaunti yao iko kwenye ukaguzi wa kodi, nilipe kwenye akaunti mpya. Imeili ni yake ileile, na invoisi ni ya oda yangu kabisa.*

Dada yangu, acha kila kitu usilipe leo. Kati ya maswali yote hili ndo limeninyima raha, maana hao wa Togo wanakula dola mia sita, hii inabeba mtaji mzima. FBI ya Marekani kwa mwaka 2023 peke yake ilipokea malalamiko ya wizi wa namna hii ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9.

Inavyokuwa ni kwamba mtu ameingia kwenye sanduku la imeili, la kwako au la kwao, amekaa kimya anasoma, anajua oda yako, bei, na siku unayolipa, halafu siku hiyo ndo anaandika. Ndo maana invoisi ni yako kabisa, kabadilisha mstari mmoja tu wa akaunti. Mara nyingine anwani nayo sio ileile ukiiangalia kwa makini, r na n zimekaa pamoja zinaonekana m. Mara nyingine ni ileile kweli, kwaiyo kuiangalia tu hakutoshi.

Mpigie. Kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti unayoijua, na usimjibu kwa kubonyeza jibu kwenye imeili hiyo maana utakuwa unamuuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Halafu badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, na ingia kwenye mipangilio ya imeili uangalie kama kuna mahali ujumbe wako unapelekwa anwani nyingine usiyoijua. Hapo ndo wanapojificha, na watu wengi wanabadilisha nywila wanasahau hapo.

Mwenye asasi ya vijana, Kondoa: *Tumealikwa kongamano New York, tiketi wanalipa wao, sisi tulipie hoteli tu.*

Hoteli ndo kongamano lenyewe, hela ya hoteli ndo wanayoitaka. Waambie mtajitafutia malazi wenyewe uone kama watajibu.

Hakutaka kutaja alipo: *Mi nimeshatuma. Dola 1,200, juzi. Nifanye nini, na naogopa kumwambia mume wangu.*

Pole sana mama. Leo hii, sio kesho, nenda benki uliyotumia, waambie waombe kuirudisha, na kama ulituma kwa Western Union au MoneyGram na yule hajaichukua bado inaweza kuzuiliwa, muda ndo kila kitu. Usifute imeili hata moja, hata zile za aibu. Peleka polisi, wizi wa mtandao una sheria yake tangu 2015, na kama kuna namba ya simu ya hapa Tanzania ilitumika kwenye huo mchezo, itume pia kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Siwezi kukuahidi itarudi. Ikishachukuliwa kule mara nyingi imeenda.

Mume mwambie, kwa sababu wiki hizi utapigiwa au utaandikiwa na "wakili", au "afisa wa Interpol", anasema mwizi wako kakamatwa na hela yako ipo, kinachotakiwa ni ada ndogo ya kuifungua. Jina lako limeshauzwa kwenye orodha ya waliolipa. Interpol haiwaandikii watu binafsi kuwadai hela, na ukiwa na siri peke yako usiku ndo utamwamini, mkiwa wawili angalau mmoja atauliza hiyo ada inatoka mfuko wa nani.