Droni Ulaya: Maswali ya Wasomaji

Napiga picha za harusi Hamburg. Kwa kuwa wateja wananilipa, nahitaji leseni ya biashara ya kurusha droni?

Leseni ya namna hiyo hakuna, ndugu yangu. Tangu tarehe 31 Desemba 2020 sheria ya Umoja wa Ulaya haiulizi umelipwa au la. Inauliza droni ina uzito gani na inaruka karibu na nani. Ukiwa na droni yenye alama ya C2 (chini ya kilo 4), unafanya mtihani wa msingi uitwao A1/A3 mtandaoni, maswali 40, kisha ule wa kuruka karibu na watu, uitwao A2, maswali 30. Kufaulu ni asilimia 75, na cheti kinadumu miaka 5. Hapo unaruhusiwa kukaribia watu wasiohusika, yaani ambao hawajakubali kushiriki, hadi mita 30, au mita 5 ukiwasha mwendo wa polepole. Kimo kisizidi mita 120.

Sasa harusi yenyewe. Wageni wakishasongamana pale mlangoni cheti hakisaidii, maana kupita juu ya umati ni marufuku hata kwa kile kidroni cha gramu 249. Wachukue bwana na bibi harusi pembeni, uwanjani, uwaeleze utakavyoruka, wakubali, ndipo uirushe. Picha zenyewe hutoka nzuri zaidi. Na bima usiisahau: Ujerumani inaidai kwa kila droni.

Nimejisajili Ujerumani. Nikipata kazi Zurich au Paris nijisajili upya?

Hapana. Namba yako inayoanza na DEU inatambulika nchi zote za Umoja, pamoja na Norway, Iceland, Liechtenstein na, tangu Januari 2023, Uswisi. Ibandike kwenye droni, ila zile herufi 3 za mwisho baada ya kistari ni siri yako. Lakini kila nchi ina ramani yake ya maeneo yaliyofungwa. Katikati ya Paris, bila kibali maalumu, usiitoe hata kwenye begi.

Nina cheti cha urubani wa droni cha Tanzania. Kitakubalika?

Hakikubaliki, dada. Jisajili katika nchi ya kwanza utakayorushia, ufanye mtihani wao. Habari njema ni kwamba ukishafaulu huko, hurudii kwingine ndani ya Umoja.

Na London?

Uingereza imeshatoka kwenye Umoja. Ina usajili wake na mitihani yake, na vyeti vya Ulaya haivitambui. Anza upya.